Vumbi la Harusi ya Tarasaa

Jina lake silitaji. Akisomewa haya akasikia nimelitaja, atanitumia salamu za kunisahihisha, maana alikuwa mtu wa kusahihisha. Hata kibao cha kinyozi jirani yake alikisahihisha kwa makaa, kinyozi akamnunia mwezi mzima. Garsen nzima tulimwita Fundi. Mafundi wako wengi pale, wa pikipiki, wa redio, wa mabomba, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, mtu atakunyoshea kidole kwenye duka la bati la buluu nyuma ya stendi, ambako stima ikiwepo utasikia feni zinavuma na mtu anafoka.

Niseme la moyoni mapema, nisije nikaonekana nimekuja kusifu tu. Mtu huyu alinifunza kazi inayonilisha mpaka leo. Na mtu huyu huyu alinizuia Garsen miaka mitatu ambayo sikupaswa kuwa pale. Yote mawili ni kweli, na mimi nimeshindwa kuyapatanisha.

Alikuwa mfupi, shingo ndefu, shati la mikono mirefu limefungwa mpaka kifungo cha koo, katika joto lile ambalo hata kuku hutembea mdomo wazi. Ukimwuliza kama haoni joto, anakujibu, “Joto laonwa na asiye na kazi.” Kwao ni Kipini, kule mto unakomwagikia baharini, na Kiswahili chake kilikuwa cha kule: njia kwake ni ndia, macho ni mato, na akikuita hakwambii njoo, akwambia ndoo. Sisi wengine ni Wapokomo, Waorma, Wasomali, Wagiriama, kila mtu na Kiswahili chake alichookota njiani, basi kutwa alikuwa akitukosoa. Mimi mtu wa Golbanti, niliyelelewa na nyimbo za kanisani na Kipokomo cha bibi yangu, nilikosolewa miaka minane.

Ugonjwa wake ulikuwa kadi za picha. Kwa asiyejua: ndani ya kompyuta kuna kibao chenye feni zake, na kazi yake ni kuchora kila unachokiona kwenye kioo. Kadi ikiwa dhaifu, video inakwamakwama kama lori kwenye matope ya Minjila. Watu walimletea kompyuta zilizokufa kutoka Hola mpaka Witu, na kabla hajauliza inaumwa nini aliuliza ina kadi gani. Ukimjibu hujui, anakutazama kama mtu asiyejua jina la mwanawe.

Kadi alizishika kwa kingo, vile mtu anavyoshika sahani ya moto. Vumbi alilitoa kwa pampu ya baiskeli, polepole, kichwa ameinamisha asikilize. Ili ajue kadi ina joto kiasi gani hakuhitaji kipimo. Aliweka mgongo wa mkono, kama mama anavyompima mtoto homa, kisha anatangaza, “Huyu ana malaria.” Na kweli, ukiifungua unakuta ile dawa nyeupe ya kupozea imekauka ikawa unga.

Mimi nilikuwa mtu wa video. Watu wa delta huoa sana, Mungu awabariki, na kila harusi inataka kurekodiwa, kukatwa, kutiwa muziki, kisha kupikwa. Kupika ndilo neno la dukani kwetu kwa ile kazi ya mwisho, pale kompyuta inapokusanya vipande vyote na kuvifanya filamu moja. Wakati inapika huwezi kuigusa. Unakaa, unatoka jasho, unaomba stima isipotee, maana ikipotea umerudi mwanzo. Saa ngapi za ujana wangu zimeishia pale nikitazama kamstari ka kijani kakitambaa, sitaki hata kuzihesabu.

Kila kadi iliyoingia duka lile ilifanyiwa mtihani, na mtihani ulikuwa mmoja: harusi ya Tarasaa. Aliirekodi yeye mwenyewe zamani, kabla yangu. Bibi harusi anatembezwa barabarani na wanawake wenye vigelegele, na nyuma yao, bila mtu kuwaalika, ng'ombe wa Waorma wanavuka, vumbi linanyanyuka, jua linapita ndani yake. Kwa Fundi harusi si kitu. Vumbi ndilo mtihani.

“Uso wa mtu hata kadi jinga itauchora,” alikuwa akisema. “Vumbi halichoreki ila na mwenye adabu.”

Matokeo aliyaandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo, upande unaotazama dukani. Safu tatu: jina la kadi, dakika ilizotumia kupika, na vumbi lilivyotoka. Ufunguo wa stoo aliufunga kwenye kikoi, haingii mtu ila yeye. Nilipoanza kazi herufi zake mlangoni zilikuwa ndogo na nzuri. Miaka ilivyokwenda ziliongezeka ukubwa, mpaka jina la kadi moja likachukua nafasi ya matatu. Nilidhani ni maringo ya uzee.

Na mizani ilikuwa moja. Hilo aliliapia. Kadi zote, ziwe kuukuu ziwe mpya, zilitiwa kwenye mashine ile ile moja ya chuma, nzito kama jiwe la kusagia, zikapikwa kila Jumatatu saa nane mchana bati linapokaribia kuyeyuka. “Ukiwa na mizani mbili wewe si fundi, wewe ni mlanguzi,” alisema. Watu walimheshimu kwa hilo. Nami nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa jingine lolote.

Sasa, ile ndoa ya Tarasaa haikufikisha mvua mbili, ikafa. Video ikabaki inapikwa. Siku moja akaingia mwanamke dukani, mtungi wa maziwa mkononi, akasimama mbele ya kioo. Alikuwa ndiye bibi harusi.

“Fundi,” akasema, “mume mwenyewe keshaoa tena Hola. Wewe bado waniozesha kila Jumatatu?”

Fundi aliona haya, mara ya kwanza nimwone vile. Akamvutia kiti, akatuma soda, akaapa wallahi hatairudia. Jumatatu iliyofuata akaipika, sauti ameizima. Yule mwanamke akapata habari, maana Garsen habari haina miguu lakini inafika. Akaja tena. Safari hii alikaa akaitazama yote, vigelegele bila sauti, mpaka ng'ombe wakapita.

“Nilikuwa mzuri, eh?”

“Ulikuwa,” Fundi akamjibu.

“Haya basi. Pika.”

Halafu kulikuwa na mzee mmoja wa Kiorma, mfugaji, aliyekuja kuchaji simu akamwona ng'ombe wake ndani ya vumbi lile. “Simamisha! Hiyo yangu! Ile ya pembe moja!” Ng'ombe alishakufa na ukame, pamoja na wengine wengi. Tangu siku ile mzee alikuja kila Jumatatu kumwamkia ng'ombe wake. Alikuwa anaketi kwenye debe, fimbo magotini, na ng'ombe akipita anamwita kwa jina, kisha anaondoka zake bila kuaga. Fundi hakumtoza kitu, wala hakumwambia mtu kwamba hamtozi.

Ndivyo alivyokuwa, amejaa mambo yasiyopatana. Aliviponda vitu vipya vyote, na simu yake ilikuwa mpya kuliko ya mtu yeyote mjini. Alihubiri ukweli kutwa, na akipigiwa simu na mwenye nyumba anasema yuko Malindi. Alikuwa mkali hata paka hawakuingia, lakini nikiumwa alikuja mpaka mlangoni kwa mjomba na uji kwenye chupa, anauacha chini, anabisha hodi na kukimbia kama mtoto mtundu.

Nyumba ya mjomba lazima niiseme, ndipo mtu aelewe. Nilifika pale mgeni wa wiki mbili, nikakaa miaka. Nililala jikoni. Niliamka kabla ya wote nikawasha moto, nikirudi kazini nawasha tena, na mke wa mjomba hakuwa mbaya ila hakuwahi kusahau kwamba si kwetu. Golbanti hakukuwa na pa kurudi, mto ulichukua shamba na nyumba mwaka mmoja. Mchana nilikuwa chini ya bati la Fundi, usiku jikoni kwa mjomba, na katikati ni mwendo wa dakika saba nikipita maduka yale yale. Mto ukifurika na barabara ikikatika, mji mzima unaingiwa na hofu. Fundi alikuwa anafurahi. “Hakuna pa kwenda sasa,” anasema akikunja mikono ya shati, “tufanye kazi.” Mimi nilikuwa nataka kulia.

Kuna jambo langu pia, na nilieleze hapa, maana linakuja kunisuta baadaye. Kila kadi ikimaliza kupika, Fundi hakutazama kioo. Alitazama pembeni, akaniuliza, “Vumbi je?” Nilidhani ananifunza. Mwanzoni nilijitahidi, nikakodoa macho mpaka yakatoa machozi, nisione tofauti yoyote kati ya kadi na kadi. Vumbi ni vumbi, jamani. Lakini nikisema sijaona tofauti anakasirika, tunarudia, na chai inachelewa. Nikagundua nikisema, “La kadi ya zamani limetoka vizuri zaidi, Fundi, lina uhai,” uso wake unafunguka na tunakunywa chai. Basi nikawa nasema hivyo. Miaka minane nimesema hivyo. Naye anaandika chaki.

Kadi aliyoipenda kuliko zote aliiita Bibi. Nzito, feni mbili, imezeeka mpaka rangi imemtoka. Mlangoni Bibi ndiye alikuwa juu ya wote: dakika arubaini na moja, vumbi lenye uhai.

Mwaka wangu wa tano mwenye studio mmoja wa Malindi aliona harusi niliyoikata akanipigia simu. Nafasi ipo, akasema, na chumba kipo nyuma ya studio, changu peke yangu, chenye kufuli. Masharti mawili: nije na mashine yangu, na harusi ya Jumamosi iwe imekwisha Jumapili jioni. Alinipa mwezi mmoja nijiandae na nimtumie kazi moja ya kujaribiwa. Chumba chenye kufuli! Siku ile nilitembea zile dakika saba nikasahau hata kusalimia watu.

Akiba yangu ilitosha kununua kadi moja tu, nisikosee. Na bahati ilioje, mfanyabiashara mmoja alikuwa amemwachia Fundi kadi mpya kabisa amuuzie, bado ina karatasi ya plastiki. Nyembamba, nyepesi, feni moja. Fundi aliiita Mgeni. Nikamwomba aipime dhidi ya Bibi, nami nitafuata mlango utakavyosema. Sikumficha kwa nini. Nilimweleza habari ya Malindi, ya chumba, ya kufuli, yote. Alinisikiliza, akakifunga kifungo cha shati kilichokuwa tayari kimefungwa.

Jumatatu saa nane. Mzee wa Kiorma alikuwepo kwenye debe lake. Bibi akapika: arubaini na moja, kama kawaida yake. Mgeni akatiwa kwenye mashine ile ile, harusi ile ile. Tukangoja. Kamstari kakatambaa, kakakwama, kakatambaa. Dakika arubaini na nne.

“Vumbi je?”

“La Bibi lina uhai,” nikasema, kwa mazoea.

Fundi akaandika. Kisha akasema lile ambalo nimelisikia kichwani mara nyingi mno: “Kipya ni kipya kwa ganda, mwanangu. Nitakupa Bibi. Chukua, ni zawadi yangu.”

Yule mzee akacheka kwenye debe. “Fundi,” akasema, “wewe nafunga ng'ombe kamba kwa mti, halafu nasema huyu hajui kukimbia. Hii kompyuta yako mzee sana. Hii ndio kamba.”

Mimi nilimcheka mzee wa watu. Mchunga ng'ombe anaijulia wapi kompyuta? Fundi hakucheka. Alizima mashine mapema siku ile na kunirudisha nyumbani kabla ya saa kumi.

Nikamchukua Bibi, nikamtia kwenye mashine niliyojiungia kwa vyuma vya kuokota, ila vipya kuliko vya Fundi. Kazi ya kujaribiwa ya Malindi ilinikuta na stima ya kukatikakatika na Bibi mwenye mwendo wake wa kizee. Nilipika nikarudia mara tatu. Niliituma Jumanne badala ya Jumapili. Yule bwana alinijibu kwa upole kwamba kazi ni nzuri, ila ameshampa mtu mwingine nafasi. Nikarudi chini ya bati la Fundi, na Bibi nikamrudisha rafuni. Aliniona nimevimba macho, akanituma nikanunue mahamri, akaniandama kwa masahihisho kutwa nzima nisipate nafasi ya kulia. Nilidhani ni huruma.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Mgeni alikaa kwenye boksi lake rafuni, hakununuliwa, nani atanunua na mlango unasema arubaini na nne? Mwenyewe alimwachia Fundi, akachoka kumdai. Fundi alikuwa akiliteremsha boksi lile, akalipangusa, akalirudisha. Nilifikiri anaikejeli.

Siku aliyokwenda Malindi, akisema anakwenda mazishini, mama mmoja wa Kisomali mwenye duka la vitambaa alileta kompyuta yake. Ilikuwa mpya, ya juzi, kioo kimekataa kuwaka. Nikataka kujua kama tatizo ni kadi yake. Nikachomoa, nikatazama huku na huku, kadi iliyokuwa karibu ni Mgeni. Nikaitia. Kioo kikawaka. Na kwa kuwa mkono wa fundi hauachi mazoea, nikafungua harusi ya Tarasaa, nikabonyeza ipike, nikaenda kumimina chai.

Nilirudi na kikombe. Kamstari kamefika mwisho.

Nikasema hapana, imekufa. Nikaibonyeza tena, nikasimama na saa mkononi. Dakika tisa. Mara ya tatu, tisa. Ndipo nikakumbuka kamba ya yule mzee, nikafahamu kitu ambacho mtoto wa shule angekifahamu: mashine ya Fundi, ile ya mizani moja, njia zake za ndani zilikuwa nyembamba na akili yake nzito, kadi mpya inakaa pale ikingoja kupewa kazi. Bibi alilelewa humo, alikuwa kwao. Haki yake yote ile, mashine moja, saa moja, harusi moja, ndiyo iliyokuwa kosa.

Nilikaa chini kwenye debe la mzee nikalia kwa hasira mpaka mama wa vitambaa akadhani nimeunguza kompyuta yake. Nikachukua chaki. Chini ya ile arubaini na nne nikaandika tisa, kubwa. Nikaacha ufunguo wa duka juu ya Bibi, nikaenda kwa mjomba nikafunga nguo zangu, na jioni nilikuwa Malindi bila kazi, bila kufuli, bila kumuaga mtu. Hapo bado nilidhani Fundi alikosea tu.

Nilipata kazi, si ile. Ndogo zaidi, studio ya mwanamke mmoja anayepiga picha za paspoti na harusi. Chumba nilikipata mwaka wa pili.

Mwezi uliopita dadake Fundi akanipigia. Fundi amehamia kwake Kipini, akasema, duka limefungwa, na kila siku anauliza kama nimepita. Nikasema nina kazi. Akasema, “Njoo tu, mwanangu. Hataki kukwambia mwenyewe.” Nikaenda na gari la asubuhi, na dereva akaniambia anageuza saa sita, asiyekuwepo ataachwa. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno ya kumwambia.

Nilimkuta ameketi barazani kwa dadake, shati limefungwa mpaka kooni. Dadake alikuwa akipara samaki uani. Fundi aligeuza uso kunielekea, ukanipita kidogo, ukasimama kwenye nguzo iliyokuwa kando yangu.

“Shikamoo, Fundi.”

“Marahaba. Umechelewa.”

Nilimwangalia yale macho. Hayakuwa yakiniona.

Na ukutani, ameuegemeza pale, nikauona mlango. Alikuwa ameung'oa mlango wa stoo akauchukua mpaka Kipini! Arubaini na moja, arubaini na nne, na tisa yangu chini yake.

“Nilipapasa nikakuta chaki sakafuni,” akasema. “Nikajua umeandika. Sikumwuliza mtu umeandika nini. Ugeuze. Upande wa stoo. Nisomee.”

Nikaugeuza. Upande ule sikuwahi kuuona. Katikati, kwa chaki, kwa mwandiko wake wa zamani usiokuwa mkubwa sana, palikuwa na mistari miwili. Nikaisoma kwa sauti: “Mgeni, mashine ya ofisi, dakika tisa. Mizani ilikuwa mbovu.”

“Uliandika lini?”

“Juma lile lile. Ijumaa. Yule mzee wa ng'ombe aliniharibia usingizi. Kulikuwa na mashine ya ofisi moja imekuja kutengezwa, nikaijaribu peke yangu.”

Nikahesabu. Ijumaa ile Malindi walikuwa bado wananingoja. Bado nilikuwa na wiki tatu.

“Ulijua,” nikamwambia. “Ulijua, ukanitazama nafunga mashine na Bibi!”

“Nilijua.”

“Kwa nini, Fundi?”

Akajipapasa kifungo cha koo. “Mato yalikuwa yameshaanza kwenda. Daktari alinambia kabla ya hapo. Kioo nakiona kama kimefunikwa karatasi. Ungeondoka, nani angenambia vumbi? Fundi wa picha asiyeona picha ni fundi wa nini?”

Kuna watu wanasema ukimwona adui yako amedhoofika hasira inakwisha. Mimi haikwisha. Nilimwambia yote, hata ile tisa yangu ya mlangoni. Nilimwambia nimelala jikoni kwa mjomba miaka mitatu kwa sababu yake, nilimwambia uji wake wa chupa angekunywa mwenyewe, nilimwambia alinifunga kama kuku wa kuuzwa. Dadake akaacha kupara samaki. Fundi hakujitetea. Kila nikimaliza sentensi anasema, “Kweli.” Mpaka nikaishiwa.

“Nambie moja tu, kisha wende zako,” akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. “Ile ya dakika tisa uliitazama. Haraka ni yake, nimekubali. Lakini vumbi? Vumbi la Bibi ndilo lenye uhai, sivyo?”

Nikafahamu kwamba hilo ndilo alilobakiwa nalo. Duka limekwenda, macho yamekwenda, mizani imekwenda, alikuwa ameshikilia vumbi. Neno moja tu lingemtosha, na nililijua, nimelisema miaka minane. Lakini pia nikaona, nikiwa nimeshika ule mlango, kwamba safu ile ya tatu yote ni uongo wangu mimi. Nilimwandikisha neno kwa neno, ili ninywe chai. Alipoamua kunizuia, macho aliyokuwa akiyazuia yalikuwa macho yasiyomwambia ukweli hata siku moja.

“Ni lile lile, Fundi,” nikasema. “La Bibi, la Mgeni, la zote zilizo hapa mlangoni. Sikuwahi kuona tofauti. Nilikuwa nasema vile kwa sababu ulikuwa ukifurahi.”

Akaukunja mkono wa shati, akaukunjua.

“Basi kuukuu na mpya zatofautiana nini?”

“Muda,” nikamwambia. “Muda tu.”

Akaitikia kwa kichwa, polepole, mara nyingi. Kisha akanyosha mkono. “Ugeuze tena. Upande wa mbele.” Nikaugeuza, nikausogeza mpaka magotini pake. Akaweka kiganja juu ya mbao na kuanza kufuta, chaki inamwangukia kwenye kikoi. Nje, gari likapiga honi. Ilikuwa saa sita kasoro kidogo.

“Hizo ni dakika, Fundi,” nikamwambia. “Ziache. Vumbi liko kulia.”

Mkono wake ukatangatanga juu ya mlango. Nikaweka mkoba wangu chini, nikamshika kifundo cha mkono, nikausogeza. “Hapa. Shuka nao hivi.” Tukafuta la kwanza, tukafuta la pili. Dereva akapiga honi tena, ndefu, na dadake akaniangalia kutoka uani. Tulikuwa bado hatujafika nusu ya mlango.